Kufuata Nywele za Mwanatumu

Mmekuja mmoja mmoja kuniuliza kilichotokea Diani, na kila aliyekuja alinikuta na kazi mkononi, nikamsimulia kipande nikaacha kipande. Sasa nasikia vipande hivyo vimeungwa huko nje vikawa habari nyingine kabisa, ati nimemchoma Mzungu kwa mkasi. Sikumchoma mtu. Naandika mara moja niwe nimemaliza, na asiyejua kusoma asomewe na anayejua.

Kibuyuni, kabla ya kutoka

Nilikuwa Kibuyuni kwa mama yangu, nimekwenda kujifungua kama ilivyo ada. Mwanatumu alizaliwa na nywele nyeusi, laini, zimelala kichwani kama zimepakwa mafuta. Siku ya kumnyoa, Bakari mume wangu alikuja kutoka Diani, anakofanya kazi za nyumbani kwa memsahibu mmoja wa Kizungu, mzee. Ada yetu mwaijua: nywele za kwanza za mtoto hupimwa kwa fedha, fedha ile ikatolewa sadaka, na nywele zenyewe zikazikwa mahali pasipokanyagwa. Bakari akazifunga katika kitambaa, akasema atapitia kwa sonara Msambweni, akishazipima azizike huko huko. Nikamwamini. Ni mume wangu, ningemshuku kwa nywele?

Siku si nyingi Mwanatumu akaacha kulia. Msidhani nasema alikuwa mtoto mtulivu. Alinyonya, alinenepa, macho mazima, lakini sauti haikutoka. Ukimfinya alikutazama kama mtu unayemsumbua na shughuli zake. Mchana kutwa aliangalia pembe moja ya chumba, na ukimgeuza alipinda shingo polepole mpaka akairudia pembe ile ile. Mama alitandika mkeka pale pembeni akaketi kumsomea dua. Mwanatumu akamtazama juu kidogo ya kichwa, kama kwamba nyuma ya bibi yake amesimama mwingine. Mama alimaliza dua, akakunja mkeka, na tangu siku hiyo hakuketi tena pale.

Bakari alipokuja kwa mapumziko tulimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tonge mkononi, akasema memsahibu alifurahi mno na zile nywele.

"Nywele zipi?" nikamwuliza.

"Za Mwanatumu. Alikuwa na haja nazo. Ana mtoto wake ameharibika, akaniomba nywele za mtoto mchanga apate kumtengeneza."

Mama aliweka bakuli chini. Bakari, ambaye mpaka wakati huo alidhani anatuletea habari njema, akaanza kueleza haraka haraka. Memsahibu alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni: toto yangu naharibika, mimi nataka nywele ya toto mdogo, nataka tengeneza yeye. Bakari akafikiri kuna mtoto mgonjwa huko Ulaya na nywele ni za dawa. Akamwonea huruma. Nilimwuliza kama dawa yenyewe aliiona. Akasema hakuona dawa. Aliona memsahibu akizitunga katika sindano, unywele mmoja mmoja, akizishona kwenye kitambaa.

Nilimwambia asilimalize tonge lile. Kesho yake tukaondoka.

Kibuyuni hadi Ramisi

Tulikwenda kwa miguu mpaka barabara ya Shimoni, mimi mbele na mtoto kifuani, Bakari nyuma na kikapu. Sikutaka atembee ubavuni mwangu. Alipojaribu kunisemesha nilimwambia maneno yake ayaweke, atamwambia memsahibu.

Lori la ng'onda, samaki wakavu, likatupakia. Juu ya magunia alikuwako bibi mmoja anakwenda Msambweni kutibiwa mguu, mcheshi, akanimegea mkate wa kumimina na kuniuliza kwa nini mume wangu ameketi kule mkiani kama aliyeshikwa na kuku wa watu. Nikamwambia afadhali angekuwa ameiba kuku. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafunua leso amtazame mtoto, na kicheko kikakatika. Akairudisha leso taratibu.

"Amelala," akasema kwa sauti ndogo. "Msimwamshe."

Nikamwambia hakulala, bibi, yu macho, mtazame vizuri. Hakumtazama tena. Akanieleza habari za mguu wake mpaka Ramisi.

Pale Ramisi lori likagoma. Dereva aliingia chini yake, akatoka na mafuta usoni, akatwambia tungoje, na hakusema tungoje nini. Tuliketi ukingoni mwa mashamba ya miwa mpaka jua likawa utosini. Vigari vya reli vikapita vimejaa miwa, chuma juu ya chuma, kelele za kuumiza meno. Mbwa wakabweka, watoto wakavikimbilia kuchomoa miwa huku wakipiga mayowe. Mwanatumu hakupepesa. Bakari aliniletea kipande cha muwa kilichokwisha kumenywa, akanitilia mkononi. Nikakipokea kwa sababu nanyonyesha, si kwa sababu nimemsamehe, na nikamwambia hivyo. Akasema anajua.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nyumbani sikuliona. Nilikuwa nimekaa nimeelekea kusini, tulikotoka, nijikinge na jua. Mwanatumu akapinda shingo akatazama nyuma yangu. Nikageuka, naye akageuka. Nikamweka mapajani, nikamzungusha kama mtu anayejaribu dira, na kila nilipomwelekeza, macho yalirudi kaskazini, upande wa Diani. Ile pembe ya chumba kwa mama nayo iko upande huo.

Bakari aliona. Akaacha kutafuna muwa.

Msambweni, kwa shangazi

Tulifika alasiri kwa shangazi yake Bakari, mshonaji wa kofia za mkono. Alituona tumeingia mmoja mbele mmoja nyuma, nyuso zimekunjwa, akajua tumekuja kuachana. Kabla sijavua viatu alikwisha kumsomea mpwa wake makosa yake yote tangu utotoni, na alipojaribu kujitetea alimpiga mwiko wa bega. Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza jambo lenyewe, akaketi chini akaushika mwiko ule kwa mikono miwili.

Alitupa mahamri na mbaazi za nazi, na mimi nilikula kama sijawahi kuona chakula. Tulipokuwa tukila alinionya nisiende kwa mkasi. Nywele zilizoshonwa hufumuliwa kwa sindano. Ukikata, nusu hubaki ndani ya kitambaa. Akanipa sindano katika kasha lake, ile anayotobolea vijicho vya kofia. Nikamwuliza kama amewahi kusikia watu wanaoshona kwa nywele. Akasema amewasikia wanaofanya mengi kwa nywele, lakini kushona, na kwa mchana, na kwa furaha, hapana.

Asubuhi alitutoa mpaka mlangoni. Akambusu mtoto kipajini, halafu akavuta leso akamfunika uso wote, jambo ambalo mtoto mzima hafanyiwi.

"Amelala huyu," akasema. "Msimwamshe."

Bakari akaifunua leso upesi. "Shangazi, yu macho."

"Kwani nani kasema hayu macho?" akamjibu, na akakasirika kweli. Hakukumbuka kuwa amesema neno lolote.

Ukunda, na njia ya msituni

Basi lilipata pancha baada ya Gazi, likapata nyingine kabla hatujaisahau ile ya kwanza. Ukunda tulishuka tukashika njia ya msituni kuelekea pwani kwenye nyumba za Wazungu. Njiani kulikuwa na mwanamume na baiskeli yake, akatuamkia vizuri, na alipomwona mtoto akashuka, akavua kofia, akatupa pole ya msiba. Nilimwambia kwa ukali kwamba hakuna msiba. Akaomba radhi akasukuma baiskeli kwa miguu. Hakuipanda mpaka tulipopotea machoni mwake.

Msitu ule hujaa mbega, na mbega hawana adabu ya kunyamaza. Siku hiyo walikaa matawini, mikia myeupe imening'inia, kimya, nyuso zote chini kwetu. Bakari sasa alikuwa ubavuni mwangu, na sikumfukuza.

Akaanza kunieleza nyumba ile. Madirisha hayafunguliwi, kwa sababu jua hula rangi za vitambaa. Memsahibu hukaa na vitambaa hivyo tangu asubuhi, anavisafisha na kuvitia viraka, na huzungumza navyo. Chumba kile yeye Bakari hufagia huku akisoma kila aya anayoijua. Nikamwuliza, ukijua hayo yote, ukampa nywele za mwanao?

"Alikuwa analia, mamake Mwanatumu," akasema. "Mtu mzima, analia mbele yangu kwa ajili ya mtoto. Ningeanza kumwuliza mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Nikaongeza mwendo, na hasira ikaongezeka nami.

Chumba cha vitambaa

Memsahibu alikuwa mwembamba, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, miwani moja machoni na nyingine imening'inia kifuani. Alimwona Bakari akaanza, "Wewe narudi mapema, nini?" Nikamkatiza kwa Kiingereza. Nilisoma Mombasa mpaka sekondari, na Kiingereza changu sikukitumia tangu niolewe. Siku ile kilitoka chote. Nikamwambia mimi ni mama wa zile nywele unazoshonea.

Hakukana. Alimtazama Mwanatumu kwa muda, akanawa mikono, akanitaka na mimi ninawe, akafungua mlango.

Nje ilikuwa adhuhuri, ndani mlikuwa na giza la magharibi. Macho yalipozoea nikaona vitambaa vimejaa ukutani na mezani, vya Ulaya, vya zamani sana. Nitasema kweli ingawa nilikuwa na ghadhabu: sijaona kazi ya mkono kama ile. Kulikuwa na pazia la kitanda la kitani, limeshonwa kwa sufu majani makubwa kuliko sinia, yamejipinda, na ndani ya kila jani mishono tofauti, mnyororo hapa, vifundo pale, kama kwamba mshonaji aliogopa kuacha mahali patupu. Makomamanga yaliyopasuka, kulungu, ndege ambaye nondo walikula macho yake wakaacha mwili. Lesi nyeupe imefumwa vitanzi vidogo mno, nikawaza macho ya wanawake walioifuma yaliishia wapi. Shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya sindano hutazamwa mgongoni, basi nikapindua ncha ya lile pazia. Mbele rangi zilikuwa zimechujuka. Nyuma zilikuwa nyekundu na bluu mbichi, kama zimetiwa jana. Nikaiachia ncha ile upesi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mezani, kadiri ya upana wa sinia ya chai. Nilikisoma kama tunavyosoma leso, sijui njia nyingine: pindo la kandokando, mji wa katikati, kisha jina, yale maandishi ya chini. Pindo lilikuwa maua meusi. Mjini, juu ya hariri iliyogeuka rangi ya chai, palishonwa kaburi jeupe, mwanamke ameliinamia, na mti ulioangusha matawi yake mpaka chini. Hapo chini, mahali pa jina, gizani sikuona kitu.

Majani ya ule mti yalikuwa nywele. Mengine rangi ya mchanga mkavu, mengine meusi.

Mwanatumu alinyosha shingo. Tangu alipoacha kulia sikuwahi kuiona shingo ile imenyooka. Alikuwa amefika alipokuwa akipatazama.

Memsahibu akanieleza bila kuniangalia. Za rangi ya mchanga ni za mtoto aliyemo katika kaburi lile, dada wa bibi yake, aliyekufa mchanga. Mama wa mtoto huyo ndiye aliyekishona kitambaa kwa mkono wake. Nywele zimezeeka, zinakatika, kila mwaka mti unapukutika, na katika ukoo wao hakubaki mtu ila yeye. Nywele za watu wazima ni nene mno. Kwao, akasema, nywele zako kuwamo katika kitambaa kile ni heshima.

"Kwetu nywele hizi huzikwa," nikamwambia. "Nizifumue, au unifumulie?"

Akakigeuza kitambaa. Na mimi na Bakari tukarudi nyuma pamoja.

Nywele tulizomnyoa Mwanatumu hazikufika urefu wa kidole changu kidogo. Kule mgongoni zilikuwa zimening'inia ndefu, nyeusi, zinang'aa, zimejizungusha kwenye zile za rangi ya mchanga kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu.

"Nimekwisha kuzipunguza," memsahibu akasema. "Si mara moja. Nikizikata, hurudi." Kisha akasogeza kiti. "Chukua."

Nikampa Bakari mtoto, nikaketi na sindano ya shangazi. Nilifumua jani baada ya jani. Kila unywele mweusi ulitoka na mwenzake wa rangi ya mchanga, na nilipojaribu kuwatenga walikatika wote wawili, basi nikaacha kuwatenga. Memsahibu alisimama nyuma yangu akilia bila sauti. Alikuwa na haki ya kulia na mimi nilikuwa na haki ya kufumua. Mti ulipobaki matawi matupu nikazifunga nywele zote katika kitambaa cha Bakari, nikamchukua mwanangu.

Kimya. Nikamfinya paja, nikaona aibu, nikamfinya tena. Macho yake yalikuwa bado pale mezani. Safari nzima nilijiambia nikizipata nywele nimempata mtoto. Sasa nilikuwa nazo mkononi.

Nikamwambia Bakari afungue dirisha. Memsahibu akakataza. Bakari, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumkaidi, alivuta pazia na kusukuma mbao, mwanga ukaingia ukaangukia meza. Na chini ya kaburi yakaonekana maandishi, uzi wake umechujuka ukawa rangi moja na hariri.

"Jina lake lasemaje?" Bakari akauliza, kama mtu yeyote wa kwetu anavyouliza akiona nguo yenye maandishi. Siku hizi leso nyingi zaja na herufi za Kizungu, naye husomewa na mimi.

Nikainama nikasoma moyoni. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili.

"Amelala. Msimwamshe."

Bakari akaketi sakafuni. "Ndiyo maneno ya yule bibi wa lori," akasema. "Ndiyo maneno ya shangazi."

Memsahibu alitaka kujua Bakari amesema nini, nikamfasiria. Uso ulimwisha damu, lakini akasema hayo ni maneno ya mama aliyefiwa, ya kujifariji, yameshonwa kwa mapenzi. Nikamwambia sisi hatushoni maneno kwenye nguo kuwa pambo. Nguo yenye jina humsemea mtu na humsema mtu. Wanawake wamehama nyumba kwa sababu ya jina la leso. Wewe umemfunga mwanangu katika nguo hii, nayo inamwambia yeye, na inamwambia kila anayemtazama.

Nikaichukua sindano. Akanishika mkono, mkono mkavu, wenye nguvu. Maandishi usiguse, akasema, ni mkono wake mwenyewe.

Sikutaka yote. Kiswahili chetu huficha katazo ndani ya kitenzi. Ungelazimika kukivunja kitenzi kizima. Kiingereza hulisimamisha peke yake, neno fupi la herufi tatu, "not", katikati ya mengine. Nilimwonyesha kwa ncha ya sindano. Alilitazama neno lile, akanitazama, na sijui aliona nini, kwa sababu vidole vyake vililegea.

Nikaifumua herufi ya kwanza, na ya pili. Ya tatu ilikuwa na fundo, nikalivuta kwa meno. Likabaki: Amelala. Mwamsheni.

Mwanatumu akalia. Akalia kilio cha siku zote alizonyamaza, mdomo wazi, uso mwekundu, ngumi zimekazwa, na mimi nikalia naye, na Bakari pale sakafuni akafunika uso.

Memsahibu hakututazama. Alikuwa amegeukia mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umefungwa, mkono mmoja hewani kama mtu anayeomba watu wanyamaze asikie.

"Yupi?" akauliza.

Kurudi

Njia nzima Mwanatumu alilia. Basini watu walinisema, mmoja akasema mama gani asiyejua kubembeleza, nikamwambia asikilize vizuri maana simnyamazishi. Msambweni shangazi alimsikia toka barabarani, akatoka na mwiko mkononi anacheka.

Nywele tulizizika Kibuyuni nyuma ya nyumba ya mama. Bakari alichimba, nikamwambia achimbe zaidi, akachimba. Za Mwanatumu na za yule mwingine ziliingia pamoja, hazikutengana. Bakari husema siku ile mle chumbani sauti ilikuwa nzito kuliko kifua cha mtoto mmoja. Mimi nilisikia mmoja, na simwulizi zaidi. Kazini hakurudi.

Sasa mwenye lori la samaki ameleta habari kwamba memsahibu hufungua madirisha kutwa, na kwamba amemwagizia seremala wa Ukunda kitanda kidogo chenye kingo. Ndiyo maana mnakuja kuniuliza, na ndiyo maana mnaniuliza kwa sauti ndogo, kama kwamba nimefanya jambo. Mimi nilikwenda kumwamsha wangu. Yule wa pili, ikiwa ameamka, ana mwenyewe.